Kiwanja cha Wote, Nyumba ya Kila Jamaa

Mtu wa Kilo akisema, "Mimi nilizaliwa kambini," hasemi habari za askari wala za wakimbizi. Anakumbuka kambi za kampuni ya dhahabu: safu za nyumba zilizoelekea njia moja, maji ya kutekwa mahali pamoja, na ua ambamo watoto wa makabila mengi walijifunza Kiswahili pamoja na lugha za wazazi wao. Vijana wetu wa shule husikia maneno hayo wakidhani ni hadithi za wazee tu. Kumbe ndani yake mna swali ambalo leo laumiza jamaa nyingi za Kilo, za Mongbwalu na za Bunia. Watu wa mapato madogo wakiungana kukaa pamoja, watafanyaje ili makao yao yasipande bei hata yakawatoa nje wao wenyewe, au watoto wao?

Habari ya kambi zile yafaa ikumbukwe kwa kifupi. Dhahabu ya nchi hii ilionekana katika mto Agola mwaka 1903, na uchimbaji ukaanza mwaka 1905. Mwaka 1919 serikali ya koloni ilizifanya migodi ya Kilo na ya Moto kuwa shirika moja chini ya mkono wake, na mwaka 1926 ikazaliwa kampuni ambayo watu wote waliiita Kilo-Moto. Sheria ya kazi ya wakati ule ilimtaka mwajiri ampe mfanyakazi wake malazi na posho, nayo kampuni ikajenga kambi. Baada ya uhuru, mwaka 1966, migodi ikawa mali ya serikali ya Kongo kwa jina la OKIMO.

Nyumba ya kambi ilikuwa rahisi kwa sababu moja tu: hakuna aliyeweza kuiuza. Fundi hakuweza kumuuzia jirani yake mlango na dirisha akaenda zake, wala tajiri wa mjini hakuweza kuja na mfuko wa fedha akanunua safu nzima. Lakini tusiisifu kambi ile mno. Wengi walifika migodini si kwa hiari yao, bali kwa kuandikishwa na machifu waliodaiwa watu. Tena aliyekaa ndani ya nyumba hakuwa na sauti juu yake. Nyumba ilifuata kazi, na kazi ikikoma, jamaa ilibidi ifungashe mikeka yake. Rahisi ilikuwa, lakini haikuwa yake.

Ndiyo sababu kampuni ilipodhoofika, kambi zilidhoofika pamoja nayo. Mwaka 1982 serikali iliwaruhusu raia kuchimba na kuuza dhahabu kwa mikono yao, na watu wakaziacha kazi za mshahara wakaingia mashimoni. Kisha ikaja vita ya mwaka 1998, na mapigano ya Ituri ya miaka ya 1999 hata 2003, ambayo hakuna mtu mzima wa huku asiyeyakumbuka. Bati likitoboka, nani alitengeneze? Mkaaji alisema, "Nyumba ni ya kampuni." Kampuni nayo haikuwa na fedha. Mvua haikungoja waamue.

Basi wengi walitoa hukumu moja: kila mtu na kiwanja chake, kila mtu na hati yake, mambo ya pamoja yamekwisha. Hukumu hiyo ina haki yake. Mwanadamu hupenda kupanda mti mahali ambapo hatafukuzwa kesho, na Papa Leo wa Kumi na Tatu, katika barua yake ya mwaka 1891 juu ya hali ya wafanyakazi, alitetea haki ya mtenda kazi ya kuwa na mali yake mwenyewe. Walakini katika nchi ya dhahabu kiwanja hakina bei ya kiwanja tu. Mwaka 2025 bei ya dhahabu katika masoko ya dunia ilipita dola 3,000 kwa aunsi moja. Kila bei hiyo inapopanda, wachimbaji na wanunuzi huja, wenye fedha hutafuta mahali pa kulala na pa kuweka mali, na kodi huhesabiwa kwa dola hata kwa mwalimu alipwaye kwa franka. Mjini Bunia mzigo huo uliongezewa mwingine: tangu mwaka 2018 watu maelfu kwa maelfu walikimbilia huko kutoka Djugu na kwingineko, nao wote walihitaji paa juu ya vichwa vyao.

Katika dhiki hiyo wapo wanaofikiri kwa akili njema. Jamaa sita, nane au kumi, wa parokia moja au wa likelemba moja, hukusanya fedha wanunue kiwanja kikubwa kimoja, kwa maana eneo moja kubwa ni rahisi kuliko viwanja kumi vidogo vidogo. Kila jamaa hujenga nyumba yake, na mlango wake, na faragha yake. Lakini kisima ni kimoja, ua wa watoto ni mmoja, jiko la sherehe ni moja, na mlinzi wa usiku ni mmoja. Mjane hapati upweke, na mama mwenye mtoto mchanga hupata wa kumwangalizia. Jambo hili si geni duniani. Huko Denmark jamaa 27 walianza makao ya namna hii mwaka 1972, mahali paitwapo Sættedammen, na mfano wao ukaenea Ulaya na Marekani. Kwa sisi si jambo la kufundishwa na Wazungu, maana babu zetu walikaa hivyo kabla ya kampuni yo yote. Lililo jipya ni fedha inayoingia katikati.

Tufanye hesabu, kama tufanyavyo darasani. Huu ni mfano tu. Jamaa nane zimeungana, na kila moja imetumia dola 3,000 kwa sehemu yake ya ardhi na kwa nyumba ya matofali ya kuchoma yenye mabati. Miaka kumi yapita. Jamaa ya kwanza inahamia Kisangani. Anakuja mnunuzi wa dhahabu na kuwapa dola 9,000 mkononi. Nani atakataa? Yule mgeni hahitaji kisima cha pamoja, kwa hiyo anachimba chake na kujenga ukuta mrefu. Jirani wa pili aona bei, naye auza. Baada ya miaka mitano watu wanane wa mwanzo wamebaki watatu, na kijana wa mmojawapo, aliyekua katika ua ule ule, hawezi kununua hata chumba humo. Hakuna aliyeiba wala kudanganya. Kila mmoja alitenda lililoruhusiwa, na makao ya pamoja yakafa.

Kwa hiyo kuanza kwa bei ndogo si kazi ngumu kupita zote. Kazi ngumu ni kubaki katika bei ndogo baada ya mwenye nyumba wa kwanza kuondoka.

Katika Afrika yetu ya Mashariki mji mmoja ulilijaribu jambo hili waziwazi. Ni Voi, huko Taita-Taveta nchini Kenya, kwenye njia ya reli iendayo Mombasa. Palikuwa na kijiji cha watu maskini kiitwacho Tanzania-Bondeni, waliojenga bila hati. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 serikali ya Kenya, baraza la mji na shirika la misaada la Ujerumani walikuja kutengeneza njia, maji na viwanja. Wenyeji wakaulizwa: mwataka kila mtu apewe hati yake, au njia nyingine? Watu wale walikwisha kuona mahali pengine yale yanayofuata hati za mtu mmoja mmoja: maskini hupewa kiwanja leo, kesho mwenye fedha humnunulia, na maskini hurudi kujenga kibanda kingine pembeni. Wakachagua njia nyingine. Ardhi yote ikashikwa na amana moja ya wakaaji, na kila jamaa ikawa na nyumba yake juu ya ardhi hiyo. Mtu aliweza kuuza nyumba aliyojenga, lakini udongo chini yake haukuwa wake wa kuuza. Tena hakuruhusiwa mtu akae mbali akikusanya kodi tu.

Matatizo yao tusiyafiche. Sheria ya Kenya haikuwa na mlango wa jambo la namna hii, hata ikabidi kuunganisha sheria mbili tofauti, ya amana na ya chama, na kuandika makaratasi mengi kwa msaada wa wanasheria. Kazi ilikwenda polepole, na mfano wao haukuenea upesi kama ulivyotazamiwa. Lakini wazo lenyewe lilikuwa zuri, tena si wageni waliolichagua. Lilichaguliwa na watu wa kijiji wenyewe, waliokuwa wameyaonja maisha ya kufukuzwa.

Msomaji mwerevu atauliza, "Je, haitoshi watu wakubaliane tu kwamba hawatauza kwa bei kubwa?" Haitoshi. Turudi Denmark tuone. Huko viko vyama vya nyumba ambavyo mkaaji hununua hisa ya chama, naye hukaa katika nyumba ya chama. Kwa miaka mingi bei ya hisa ilizuiwa isiende na soko. Lakini sheria iliwapa wanachama njia mbalimbali za kukadiria thamani ya jengo lao, na mikutano yao ikawa na uwezo wa kuchagua. Ardhi ya Copenhagen ilipopanda bei katika miaka ya 2000, vyama vingi vilichagua makadirio ya juu. Waliopiga kura ni wale wale waliongia kwa bei ndogo. Hisa zikapanda, vijana wakabaki nje, na msukosuko wa fedha wa mwaka 2008 ulipofika, vyama vingine vilivyokuwa vimejitwika madeni viliona taabu kubwa. Kanuni ambayo wenye faida waweza kuibadili peke yao, siku moja wataibadili. Sisemi hivyo kwa kuwadharau. Ndivyo mwanadamu alivyo, hata aliye mwema.

Dawa ya jambo hilo yaonekana mjini Brussels, mji mkuu wa Ubelgiji, ambako ndugu zetu wengi wa Kongo wanakaa. Katika mtaa wa Molenbeek, mwaka 2010, jamaa 14 za mapato madogo, nyingi zikiwa za wageni, zilimaliza kujenga jengo lao la pamoja waliloliita L'Espoir, yaani Tumaini. Kabla ya kujenga walikuwa wakikutana na kuweka akiba kwa pamoja. Katika mji huo viko vikundi vya akiba vya jamaa zinazotafuta nyumba, ambavyo mfuko wao hulipa sehemu ya kwanza atakiwayo mnunuzi siku ya kutia sahihi, kisha fedha hurudi mfukoni zimsaidie mwingine. Mwafrika ye yote akiviona ataitambua likelemba, ijapokuwa imevaa koti la Ulaya. Mwaka 2012 lilianzishwa shirika la amana ya ardhi la mji huo, liitwalo Community Land Trust Bruxelles, likaendeleza njia hiyo.

Kanuni yao ni nyepesi kueleza. Ardhi ni ya amana daima. Jamaa hununua nyumba tu, kwa bei ipatanayo na mapato yake. Ikitaka kuondoka, hurudishiwa fedha yake, na juu yake robo moja ya ile thamani iliyoongezeka. Robo tatu zilizobaki hazimwendei mtu, bali hubaki ndani ya nyumba kwa namna ya bei ndogo kwa jamaa ifuatayo. Tuirudie hesabu yetu ya Kilo. Nyumba iligharimu dola 3,000, na soko lasema 9,000. Nyongeza ni dola 6,000, na robo yake ni 1,500. Anayeondoka anapata 4,500, tena amekaa miaka kumi bila kulipa kodi ya mpangaji. Anayeingia analipa 4,500 hizo, si 9,000. Akiwa aliyeondoka aliongeza chumba au alichimba choo kizuri, kazi hiyo ihesabiwe mbali na alipwe thamani yake, maana hiyo ni jasho lake. Lakini kupanda kwa bei ya ardhi kwa ajili ya dhahabu, au kwa ajili ya barabara iliyotengenezwa na serikali, si jasho la mtu.

Tena kuna jambo ambalo mimi naliona kuwa kiini chake. Katika amana za namna hii baraza halishikwi na wakaaji peke yao. Sehemu moja ni wakaaji, sehemu ya pili ni majirani na watu wengine wa mji, na sehemu ya tatu ni serikali au watu waliowekwa kuangalia faida ya wote. Hivyo wakaaji hawawezi kuibadili kanuni usiku mmoja kwa sababu bei imewapendeza, wala serikali haiwezi kuwaamrisha kama kampuni ilivyoamrisha kambini.

Bei ya kudumu ni neno moja. Bei ya kuanza ni neno jingine, na hapo yafaa tuwatazame wenzetu wa Dar es Salaam. Serikali ya Tanzania ilipotaka kuipanua bandari, mnamo mwaka 2008, watu wengi wa Kurasini waliondolewa. Wapangaji waliumia zaidi, maana fidia hufuata mwenye jengo. Baadhi yao, waliokwisha kuwa katika vikundi vya akiba, waliunda ushirika wa nyumba wenye jina la Muungano, wakanunua ekari 30 huko Chamazi, pembeni ya mji. Walifyatua matofali wao wenyewe, na nyumba zilijengwa hatua kwa hatua. Jamaa ilianza na sehemu ndogo iliyoweza kuilipia, kisha ikaongeza kadiri ya nguvu zake. Njia hiyo ya kujenga kidogo kidogo yatufaa kabisa. Anayengoja mpaka awe na fedha za nyumba nzima atangoja mpaka mvi.

Lakini Chamazi iko mbali na bandari walikopata riziki yao, na waliozoea kuuza chakula kwa wapakiaji wa meli walijikuta hawana wa kumuuzia. Nauli ikala akiba, na marejesho ya mikopo yakasuasua. Twajifunza kwamba kiwanja rahisi kilicho mbali na kazi si rahisi. Watu wa Bunia wanaoelekezwa viwanja vya bei ndogo nje ya mji wahesabu pia nauli ya pikipiki ya mwaka mzima kabla ya kushangilia.

Deni nalo lina hatari kubwa kuliko hiyo. Katika jimbo la Georgia huko Marekani, mwaka 1969, Wamarekani Weusi waliokuwa wamefukuzwa mashambani kwa ajili ya kudai haki ya kupiga kura waliunda jumuiya iitwayo New Communities, wakashika ardhi ya pamoja yapata ekari 5,700. Hao ndio walioanza njia hii ya amana ya ardhi, na wenye kuifuata Voi na Brussels walichota katika kisima chao. Lakini ardhi yenyewe ilikuwa na deni. Ukame ulipokuja, serikali ikachelewesha na kuwanyima mikopo ambayo wakulima Weupe waliipata, na mwaka 1985 waliipoteza ardhi yote. Miaka mingi baadaye walishinda daawa na kulipwa fidia, wakanunua shamba jingine mwaka 2011. Robo ya karne ilikuwa imekwisha kupita. Basi nyumba ya mtu yaweza kuwekwa rehani kama sheria yao yaruhusu, lakini kiwanja cha wote kisiwekwe kamwe.

Nisipotaja Fuggerei, Mapadre wetu walioipitia Ujerumani watanilaumu. Katika mji wa Augsburg tajiri Jakob Fugger alitoa mali yake mwaka 1521 ili wajengewe nyumba Wakatoliki maskini wa mji ule. Nyumba hizo zingali zinakaliwa na watu yapata 150. Kodi yao ya mwaka mzima, mbali na gharama za moto na maji, ni senti 88 za Euro, sawa na gulden moja ya zamani, pamoja na sala tatu kila siku kwa ajili ya roho ya mwanzilishi na jamaa yake. Lango hufungwa saa nne usiku, na achelewaye hutoa kitu kidogo. Mabomu ya mwaka 1944 yaliibomoa sehemu kubwa, ikajengwa tena. Fedha za matengenezo zilitoka wapi karne tano zote? Hazikutoka katika zile senti 88. Fugger na warithi wake waliiachia amana misitu na majengo mengine yazaayo mapato, na siku hizi watalii hulipa kiingilio. Kambi za Kilo zilikosa fungu la namna hiyo, na mabati yakaoza. Jamaa nane zisizo na msitu zaweza kupanda mikaratusi kwenye ukingo wa kiwanja, au kujenga vyumba viwili vya duka upande wa barabara, mapato yake yaende katika matengenezo tu. Na kila jamaa itoe kidogo kila mwezi, hata ikiwa ni bei ya kipande cha sabuni. Haba na haba hujaza kibaba.

Sasa sheria ya kwetu. Sheria ya tarehe 20 Julai 1973 iliweka kwamba ardhi yote ya Kongo ni mali ya serikali, isiyouzwa. Raia hapewi udongo, hupewa ruhusa ya kuutumia. Ruhusa hizo zilifanywa za namna mbili. Ya daima hupewa mtu, raia wa Kongo. Ya kawaida ni ya muda usiozidi miaka 25, yenye kurudiwa, nayo chama chaweza kuipata. Hapo ndipo mtego ulipo. Watu walioungana husema, "Miaka 25 ni michache. Tuandike kiwanja kwa jina la katekista wetu, mtu mwaminifu, tupate ruhusa ya daima." Katekista ni mwaminifu kweli. Lakini siku atakapokufa, kiwanja kitafuata warithi wake, ambao huenda wakaaji hawajawahi kuwaona, na mbele ya hakimu jina lililo katika hati ndilo lisemalo. Afadhali miaka 25 kwa jina la chama, na tarehe ya kuirudia iandikwe ukutani, kuliko umilele kwa jina la mtu mmoja. Na kwa kuwa mambo ya ofisi ya ardhi hubadilika, wajumbe wawili waende Bunia kwa msimamizi wa hati za ardhi waulize kwanza, kabla ya kutoa hata franka moja.

Chama nacho kina mlango wake. Kongo iliingia katika mapatano ya sheria za biashara ya Afrika yaitwayo OHADA mwezi wa Septemba mwaka 2012, na sheria yake ya ushirika ilikuwa imetungwa Lomé mwezi wa Desemba mwaka 2010. Kwa sheria hiyo watu watano watosha kuunda ushirika wa namna nyepesi, na 15 kwa ule wenye baraza la uongozi. Kila mwanachama ana kura moja, hata kama hisa zake ni nyingi. Mnunuzi wa dhahabu akiingia kwa hila, atakuwa na kura moja kama mjane.

Huku Kilo kuna shida ya pekee, kwa kuwa sehemu kubwa ya ardhi imo ndani ya mipaka ya migodi. Ruhusa ya madini ni mbali na haki ya kukaa juu ya ardhi, na mwenye mgodi akitaka kuwaondoa watu hudaiwa fidia. Huko Durba, upande wa Watsa, mgodi wa Kibali ulipojengwa, uliofunguliwa mwaka 2013, nyumba zaidi ya 4,000 zilijengwa kwa ajili ya jamaa zilizohamishwa. Aliye na karatasi, na jirani wa kumshuhudia, hulipwa upesi kuliko asiye nayo. Mali bila daftari huisha bila habari. Hivyo jamaa zinazoungana zipime mipaka yao mbele ya chifu, ziandike daftari mbili, moja ikae kwa katibu wao na nyingine mahali pengine palipo salama, maana katika vita zilizopita nyumba zilichomwa pamoja na karatasi zake.

Kwa baraza lao, ile sehemu ya tatu isiyokaa ndani yapatikana kwa urahisi: mjumbe mmoja wa parokia, mmoja wa chifu, mmoja wa walimu. Wasilipwe. Kazi yao ni moja, kusema "hapana" siku wakaaji watakapotaka kuifuta kanuni ya bei. Kwa ujenzi, kazi za salongo zatosha kuchimba msingi, kusomba mchanga na kuchoma tanuru la matofali. Fedha taslimu ibaki kwa mabati, misumari, saruji na fundi.

Wazee hushikwa na wasiwasi hasa wanaposikia habari za urithi. "Nikifa, wanangu watafukuzwa?" La. Nyumba ni mali, nayo hurithiwa kama mali nyingine. Mtoto atakayekaa humo achukue nafasi ya mzazi wake, na kura yake. Watoto wakiwa wanne na anayebaki ni mmoja, awalipe ndugu zake mafungu yao kwa ile bei ya chama, si kwa bei ya soko. Kwa bei ya soko asingeweza, nyumba ingeuzwa, na wote wanne wangetawanyika. Mjane akae mpaka kufa kwake, wala ndugu za marehemu wasiwe na neno. Hilo liandikwe katika ukurasa wa kwanza wa daftari, kabla ya jiwe la kwanza la msingi, wakati mume angali hai na aweza kutia sahihi.